Uzi: Kava la jarida linamwita nani? Tujadili usanifu wa ukurasa wa mbele

#1 Msanifu wa Kurasa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kwa miaka kumi na moja nimefanya kazi ya kusanifu kurasa za majarida madogo hapa Dodoma: ya vyama vya ushirika, ya makanisa, ya wanafunzi wa vyuo, na mawili matatu ya ofisi ambazo huchapa nakala mia tano kisha mia nne zikalala stoo. Kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu, nami naomba tulijadili kwa utulivu. Karibu kila mteja anayeniletea kazi huanza kwa kusema, "Tutengenezee kava kali." Nikimuuliza kali kwa nani, hunyamaza, au hujibu kwamba kwa kila mtu. Mimi kava la kila mtu sijawahi kuliona likimsimamisha hata mtu mmoja.

Msimamo wangu ni kwamba jalada ni wito, na wito lazima uwe na mwenyewe. Ukisimama katikati ya soko la Majengo ukapaza sauti "jamani!", watu wataendelea kupanga nyanya zao, lakini ukisema "wewe mwenye baiskeli ya mkaa", atageuka mmoja, na atageuka mzima mzima. Rangi, sura, maandishi na hata nafasi tupu ni namna mbalimbali za kusema "wewe".

Jumamosi moja nilikaa saa nzima kwenye benchi karibu na meza ya magazeti, si mbali na Jamatini, nikiwatazama wapita njia badala ya kutazama magazeti. Wengi ni wasomaji wa kusimama: anakuja, anafunga mikono nyuma, anainama kidogo, anasoma vichwa vyote vya habari kutoka kushoto hadi kulia, anaguna, anaondoka bila kutoa hata shilingi. Nilichojifunza ni kwamba mtu huyo halioni jalada lote kwa mara moja. Akiwa umbali wa hatua sita au saba haoni isipokuwa rangi na umbo la sura. Akifika hatua mbili ndipo maneno makubwa yanapoanza kusema. Na maneno madogo, yale tunayobishania ofisini hadi usiku, huyasoma akishalishika jarida mkononi. Sisi wasanifu hulitazama kava likiwa limejaa kioo kizima cha kompyuta, nusu mita kutoka puani, ndiyo maana tunadanganyika. Siku hizi, kabla sijampelekea mteja kazi, huichapa, naibandika ukutani, kisha natoka nje hadi ng'ambo ya uchochoro na kuitazama kupitia mlangoni. Majirani wamezoea.

Kwa yule aliye hatua saba, majarida makubwa ya dunia yalipata dawa zamani. TIME la Marekani limevaa fremu nyekundu tangu 1927, na National Geographic linajulikana kwa fremu yake ya njano kiasi kwamba hata ukilifuta jina bado utalitambua. Fremu haiuzi habari ya mwezi huo. Inamwarifu msomaji wa siku zote kwamba mgeni wake amefika. Nguvu ya desturi hiyo huonekana hasa inapovunjwa: baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, TIME lilivua nyekundu likavaa nyeusi, na msomaji akajua ni msiba kabla ya kusoma neno lolote. Majarida yetu madogo hubadili rangi na fonti ya jina kila toleo, kama mtu anayebadili sauti kila anapobisha hodi, kisha tunashangaa mlango haufunguliwi.

Kuhusu sura, mfano unaotajwa zaidi ni jalada la National Geographic la Juni 1985, ile picha ya msichana mkimbizi wa Afghanistan iliyopigwa na Steve McCurry. Watu husifu macho, na kweli macho yale humfuata mtazamaji, lakini msisahau kazi inayofanywa na rangi: shali ya wekundu wa kutu mbele ya ukuta wa kijani, rangi mbili zinazosukumana hadi uso unatokeza. Hata hivyo sikubaliani na kanuni kwamba kila jalada lazima liwe na mtu anayetazama kamera. Katika majarida ya wakulima nimeona kwamba picha ya mikono iliyoshika kichala cha zabibu, yenye kucha zilizoingia udongo mwekundu wa huku kwetu, humvuta mkulima kuliko uso unaotabasamu. Mkulima humtazama mwenzake mikono kwanza, ndipo apande usoni. Msomaji wa jarida la mitindo huanzia usoni, na hayo ni mazoea ya muda mrefu. Vogue lilipoweka picha ya rangi kwenye jalada lake kwa mara ya kwanza, Julai 1932, lilichagua mwanamke mwenye vazi la kuogelea aliyeinua mpira, yaani mwili na uso, si bidhaa.

Jambo ambalo vitabu vya usanifu vya kigeni haviwezi kutusaidia ni lugha yetu. Violezo vingi tunavyopakua kwenye intaneti vimepimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Sasa jaribu kupachika "Wanavyofanikiwa" mahali palipokusudiwa neno la herufi nne: ama fonti itasinyaa, ama neno litakatwa vipande viwili, na Kiswahili kikikatwa vibaya hutia kichefuchefu. Dawa ninayoitumia ni kukwepa vitenzi virefu na kuegemea majina mafupi: Maji. Mbegu. Bei. Soko. Lakini kitenzi chetu nacho kina utajiri wake, kwa kuwa msomaji yumo ndani yake tayari. "Usinunue kiwanja kabla ya kusoma ukurasa wa 14" ina neno moja la mwanzo lenye kukataza, kumtaja mtu na kutaja jambo kwa pamoja, na hapa Dodoma, mji ambao kila wa pili anatafuta kiwanja, sentensi hiyo humshika mtu kwenye kola. Nikiwa hapo hapo, nawasihi wenzangu mkague ritifaa (kile kialama cha juu baada ya ng) za "ng'ombe" na "Chang'ombe", kwa maana programu nyingi hupenda kuigeuza alama ile, na kosa la namna hiyo likichapwa kwa herufi za ukubwa wa ngumi huonekana kutoka barabarani.

Mwisho kwa leo ni jua. Kava lenye lamineshini ya kung'aa (ile nailoni nyembamba inayobandikwa juu ya karatasi) hupendeza ofisini, lakini likiwekwa mezani saa saba mchana hurudisha mwanga wote machoni, na mpita njia haoni ila weupe. Tena wino wa njano na wa majenta (wekundu wa waridi) kwa kawaida huchujuka juani upesi kuliko samawati na mweusi, ndiyo sababu nakala iliyokaa mezani wiki kadhaa huonyesha watu wenye nyuso za buluu kama waliozama majini. Kwa majarida yanayouzwa nje nimehamia lamineshini isiyong'aa, ingawa wateja hulalamika kwamba "haina mvuto".

Karibuni tuchangie.

#2 Muuza Magazeti

Mkuu, kama meza uliyoitazama ni yangu, ulipaswa kuninunulia walau chai.

Nimesoma yote na mengi ni kweli, ila naona unalipa jalada sifa zisizo zake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wateja wangu wa uhakika huja wakiuliza jina: "Limefika?" Wala hawatazami mbele pana nini. Analichukua, analikunja, analitia kwapani, anaenda zake. Jalada humhusu yule asiye na mpango wa kununua, na huyo, kwa uzoefu wangu, hununua magazeti ya udaku zaidi kuliko majarida, kwa sababu ukurasa wa mbele wa udaku humpa nusu ya kisa na kuificha nusu. Picha mbili zilizotenganishwa na mstari kama umeme, na neno moja la kuuliza. Hakuna usomi hapo, lakini mkono huenda mfukoni.

Nikuongezee jambo ambalo huenda hulijui. Meza yangu ni ndogo na machapisho ni mengi, kwa hiyo huyapanga yakilaliana kama mabati ya paa. Kinachoonekana kwa mengi ni ukanda wa juu tu. Tena Dodoma ina upepo, na kila rundo nalikandamiza kwa jiwe. Nyinyi wasanifu mna tabia ya kuweka neno lenu la thamani kona ya chini kulia, mkalizungushia duara la rangi. Hapo ndipo ninapoweka jiwe.

#3 Mwanafunzi wa UDOM

Nawashukuru wote wawili, hasa kwa habari ya jiwe, ambayo sijaisikia darasani.

Naomba kuuliza kuhusu maneno. Mwanzisha uzi ameeleza maneno mafupi na maneno yanayomtaja msomaji, lakini yapo majalada mashuhuri yasiyo na kichwa cha habari hata kimoja. Jarida la muziki la Rolling Stone la Januari 22, 1981 lilikuwa na jina la jarida na picha iliyopigwa na Annie Leibovitz inayowaonyesha mwanamuziki John Lennon na mkewe Yoko Ono, basi. Je, ukimya ule si ushahidi kwamba picha nzuri haihitaji maneno?

Pia tuzungumzie uaminifu. Februari 1982 National Geographic lilizisogeza kwa kompyuta piramidi za Giza zikaribiane, kwa kuwa picha ilikuwa ya upana na jalada ni la kusimama. Lawama zilikuwa nyingi. Msanifu anaruhusiwa kufika wapi anapomvuta msomaji?

#4 Msanifu wa Kurasa

Ndugu Muuza Magazeti, chai nitaleta. Hiyo habari ya jiwe imenikosesha usingizi na nitairudia.

Kuhusu wahenga, nadhani methali ile inakisemea kitu ambacho mnunuzi anaweza kukipapasa. Nanasi hulinusa, khanga huikunjua. Jarida huwezi kulisoma lote mezani kwako kabla hujafukuzwa, kwa hiyo jalada ndilo harufu yake. Wale wanaokuja wakiuliza jina, nao walisimamishwa siku moja na kitu fulani. Mazoea yana siku yake ya kwanza. Lakini nakubali kwamba kwao kazi ya jalada ni kutowapoteza, na jina likikaa mahali pake kwenye ukanda wa juu linatosha.

Mwanafunzi, ukimya wa Rolling Stone haukutokana na uzuri wa picha peke yake. Lennon alikuwa ameuawa Desemba 1980, na picha ile ilipigwa siku ile ile ya kifo chake. Msomaji wa jarida la muziki alikuja mezani akiwa na habari yote kichwani. Neno lolote lingekuwa kelele matangani. Ukimya hufaa pale tu unapojua kwa yakini kile ambacho msomaji wako anakijua. Toleo la wakulima likinyamaza hivyo, mtu atadhani ni kalenda.

Kuhusu piramidi, kipimo changu ni kwamba jalada lina ruhusa ya kuchagua, kukata pembeni na kukuza, lakini halina ruhusa ya kumwonyesha msomaji mahali pasipokuwepo. Kama picha ni ya upana, tafuta nyingine. Wapiga picha wetu wengi hupiga kwa upana tu, na ndiyo maana kila ninapokwenda nao shambani huwasihi wageuze kamera isimame na waache anga tupu juu ya kichwa cha mtu, kwa kuwa jina la jarida litahitaji pa kulala.

Sasa niwasimulie kosa langu mwenyewe, kwa sababu linahusu rangi, na rangi huku kwetu ni jambo zito. Kikundi kimoja cha wakulima wa zabibu kilinipa kazi ya toleo la kugawa kwenye maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni. Nikaona mantiki iko wazi: majani ni kijani, jua ni njano. Nikalaza jina kwa njano juu ya picha ya mizabibu, likapendeza mno. Asubuhi ya kwanza mzee mmoja alipokea nakala, akaigeuza mbele na nyuma, akauliza kwa upole kama uchaguzi umeletwa mapema. Kijana aliyemfuata akasema yeye ni Simba, hawezi kubeba karatasi ya Yanga mkononi. Alikuwa akitania, lakini hakuibeba. Kijani na njano ni rangi za CCM na pia za Yanga, na mimi, mtu mzima niliyezaliwa nchi hii, nilikuwa nimeangalia mmea nikamsahau msomaji.

Toleo lililofuata nikakimbilia zambarau, rangi ya zabibu yenyewe. Kwenye kioo ilikuwa inawaka. Ilipotoka mtamboni ilikuwa imefifia kama nguo ya sare iliyofuliwa miaka mitatu, kwa sababu kioo huunda rangi kwa mwanga na mtambo huziunda kwa wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, na zambarau kali ya kioo haimo kabisa katika uwezo wa wino huo. Angalizo: chama cha ACT-Wazalendo nao wanatumia zambarau. Nyekundu na nyeupe ni Simba. Katika nchi hii rangi chache sana zimebaki bila mwenyewe. Tuliishia kwenye hudhurungi ya udongo wetu na herufi nyeupe, na kwa mara ya kwanza watu waliuliza bei ya miche badala ya kuuliza jarida ni la nani.

#5 Mama Mhariri

Ndugu Msanifu, nimehariri jarida la wanawake la kanisani kwa muda, nami naomba tuguse jambo ambalo wengi hulikwepa: ngozi zetu kwenye jalada.

Kila tulipompiga picha mama wa kwetu, fundi alimrudisha akiwa mweupe kuliko alivyozaliwa. Tukiuliza, jibu lilikuwa kwamba "akiachwa hivyo atatoka mweusi tititi mtamboni". Toleo moja mama mwenyewe aliliona akauliza, "Huyu ni mdogo wangu?" Kicheko kilikuwa kikubwa, ila mimi niliumia. Nakumbuka pia kisa cha Juni 1994, majarida TIME na Newsweek yalipotumia picha ile ile iliyopigwa na polisi ya O. J. Simpson, mwanamichezo mweusi wa Marekani aliyeshtakiwa kwa mauaji, na TIME likaifanya nyeusi zaidi. Yakikaa pamoja kwenye rafu kila mtu aliiona tofauti, na lawama za ubaguzi zikafuata. Huko uso ulitiwa giza ili utishe, huku kwetu tunautia weupe ili upendwe. Naona ni ugonjwa ule ule. Je, fundi alikuwa na hoja yoyote ya kitaalamu?

#6 Mkulima wa Simuni

Mimi nipo Chamwino. Majarida yote mnayoyasema huwa yananifikia kwenye makundi ya WhatsApp, jalada likiwa dogo kama kiberiti. Hatua saba na hatua mbili sizijui. Naona picha, nisipoielewa sifungui, kwa maana bando ni hela yangu. Mnafikiria na sisi?

#7 Msanifu wa Kurasa

Mama Mhariri, shikamoo. Fundi wako alikuwa na nusu ya hoja. Wino ukigusa karatasi hutanuka kidogo, hasa karatasi isiyopakwa (isiyo na utando laini juu yake), kwa hiyo sehemu zenye giza huzidi kuwa giza na uso mweusi unaweza kupoteza mashavu, pua na mistari ya tabasamu. Lakini dawa yake haiko kwenye kumpausha mtu. Iko kwenye upigaji picha. Jua la Dodoma la mchana linapiga wima na kuyazamisha macho ndani ya kivuli cha paji la uso. Mpige mama asubuhi, au mweke chini ya kivuli cha mwembe akiangalia upande wenye mwanga, shikilia shuka jeupe pembeni limrudishie mwanga shavuni, na usimsimamishe mbele ya ukuta mweupe, kwa sababu kamera nyingi zikiachiwa zijipimie zenyewe huupimia ukuta na kumtia yeye giza. Baada ya hapo waombe wa mtamboni wachape jaribio moja kwenye karatasi ile ile ya mwisho, ulitazame nje mlangoni, si chini ya taa ya balbu. Mabadiliko yatakayohitajika yatakuwa madogo, na rangi ya mtu itabaki ile aliyopewa na Mungu.

Ndugu wa Chamwino, umenisuta kwa haki. Jalada la simuni ndilo hatua saba za siku hizi, isipokuwa mtu hawezi kusogea karibu. Nimelijaribu kava la zabibu kwa kulipunguza hadi upana wa kidole gumba: mikono na kichala vilibaki, jina lilisomeka, na vile vichwa vitano vya habari pembeni vikageuka kuwa vumbi. Kwa nakala ya simu tutatengeneza jalada lake peke yake, picha ile ile, jina, na kichwa kimoja tu cha habari. Na kwenye ujumbe unaoandamana nalo tutaandika ukubwa wa faili, ili mtu ajue bando lake linakwenda wapi kabla hajagusa.

Muuza Magazeti, nilipita kwako jana ukiwa umekwenda kula, nikapima jiwe lako kubwa kwa rula. Upana wake ni kama sentimita tisa. Nimezihamishia kona ya chini kulia alama za mistari za kusomwa na mashine, kwa kuwa mezani kwako hakuna mashine ya kuzisoma, na bei nimeipandisha juu kando ya jina. Toleo lijalo likifika, weka jiwe hapo hapo.